Bunduki ya Nusu-Otomatiki Ipimwe kwa Matundu Kumi, Si Matatu

Mtu anayepata cheti cha kumiliki silaha na kuja uwanja wetu wa shabaha, kaskazini mwa mji wa Mombasa, hachelewi kuniuliza swali hili: anunue bunduki gani ya nusu-otomatiki iliyo sahihi na isiyomfilisi? Nazungumzia bunduki ndogo ya michezo, ile ya risasi ya .22 ambayo wengi wetu huiita pointi ishirini na mbili, inayofyatua risasi moja kwa kila mvuto wa triga kisha ikajipakia nyingine yenyewe. Maoni yangu ni kwamba fedha nyingi zinazotumika kununulia jina la bunduki zingefaa zaidi kama zingenunuliwa risasi, na kwamba hakuna bunduki inayostahili kuitwa sahihi mpaka mwenyewe apige nayo risasi kumi mfululizo kwenye karatasi moja na kupima matundu yote, tena kwa risasi za aina atakayoweza kuipata hapa Pwani mwaka mzima.

Suala la sheria sitalikalia sana, lakini haliruki mtu. Nchini Kenya silaha zote hizi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayoamua nani amiliki nini. Bunduki za kivita za mtindo wa AK-47 na G3 si za raia, na anayezitamani kwa kisingizio cha shabaha hayumo katika mazungumzo haya. Hata hii ndogo, kwa kuwa inajipakia yenyewe, muombaji aieleze waziwazi katika ombi lake na apate idhini kabla ya kumlipa muuzaji hata shilingi moja. Namjua mwenzetu aliyelipa kwanza kisha akaomba ruhusa baadaye, na fedha zake zikalala kwa muuzaji kwa miezi huku bunduki ikimtazama kutoka nyuma ya kioo.

Sasa nije kwenye yale matundu kumi. Ami yangu, ambaye alianza kulenga shabaha mimi sijazaliwa, alinijia siku moja na karatasi aliyoipiga kwa umbali wa mita 50. Ilikuwa na matundu matatu yaliyokaa kama mafiga, na kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha lile la mbali zaidi palikuwa na milimita 14. "Tazama mwanangu," akaniambia, "hii haikosei." Nilimwomba kwa adabu airudishe karatasi ile ile mahali pake na aongeze risasi saba bila kuigusa darubini ya kulengea. Alikubali. Tulipoifuata karatasi, mafiga yalikuwa yamegeuka kichuguu: tundu moja lilikuwa limepanda juu, mawili yametoka upande wa kulia, na upana wa yote umefika milimita 31. Ami alinyamaza, akaichukua rula mkononi mwangu, akapima tena mwenyewe.

Bunduki haikuwa imeharibika baina ya risasi ya tatu na ya kumi, wala ami hakuwa amechoka. Matundu matatu ni machache mno kuonyesha tabia ya bunduki, kwa sababu risasi chache hazijapata nafasi ya kwenda kote ambako bunduki ile inaweza kuzipeleka. Kwa wastani, kundi la matundu kumi hutanuka takriban mara 1.6 ya kundi la matundu matatu, kwa bunduki ile ile na mpigaji yule yule, na mara nyingine likatanuka zaidi iwapo yale matatu ya mwanzo yalibahatika. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba bunduki yake hupiga ndani ya dakika moja ya pembe, yaani kundi lenye upana wa milimita 14.5 kwa mita 50 au milimita 29 kwa mita 100, muulize ni risasi ngapi zilizopigwa, na ni makundi mangapi aliyoyaacha nyumbani kabla ya kukuonyesha hilo moja.

Inafaa pia kuelewa kwa nini bunduki inayojipakia yenyewe ina kazi ngumu kuliko ile ambayo bolti yake, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, huvutwa kwa mkono. Katika nyingi za .22 bolti haifungwi kwa kufuli lolote. Inazuiliwa na uzito wake pamoja na nguvu ya springi tu. Risasi inapolipuka, gesi hulisukuma ganda nyuma, ganda likaisukuma bolti, bolti ikalirusha ganda nje na, inaporudi mbele, ikakokota risasi mpya kutoka kwenye magazini. Ili mwendo huo usikwame hata masizi yanapojaa, watengenezaji huiacha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulipuka, iwe pana kidogo. Upana huo unaookoa mwendo ndio unaopunguza usahihi, kwa sababu risasi iliyolegea ndani ya chemba haiingii kwenye mitaro ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha, kwa unyoofu ule ule kila mara. Bunduki ya bolti ya mkono yaweza kuwa na chemba iliyobana, kwani kiganja cha mpigaji ndicho kinachoisukuma risasi ndani. Ndiyo maana ninayesema naye nikamsikia anataka tundu moja tu dogo kwenye karatasi, wala hajali mwendo wa haraka, humshauri aachane kabisa na nusu-otomatiki na anunue ya bolti. Kwa fedha zile zile atapata usahihi zaidi.

Kwa aliyeamua kubaki na nusu-otomatiki, risasi ndiyo itakayompa furaha au majuto. Risasi ya .22 tunayoitumia ni ya mwaka 1887, na kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Madukani utakuta ya mwendo wa kawaida, inayotoka mtutuni kwa takriban mita 330 kwa sekunde, na ya mwendo mkali inayopita mita 370. Wanunuzi wengi hukimbilia ile kali kwa kudhani kuwa inayokwenda kasi hupiga nyoofu. Katika .22 mambo ni kinyume. Sauti, katika joto letu la nyuzi 30, husafiri kwa karibu mita 349 kwa sekunde. Risasi kali huanza juu ya kasi hiyo na kushuka chini yake ikiwa bado njiani kabla ya kufika mita 100, na inapovuka mpaka huo hutikiswa na hewa. Ile ya kawaida huanza chini ya mpaka na haina cha kuvuka.

Kisha kuna upepo, na anayeishi Mombasa haambiwi upepo ni nini. Miezi ya kusi, hewa kutoka baharini hukatiza uwanja wetu kuanzia saa nne asubuhi, na bendera nyekundu ya usalama hunyooka kama ubao. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaopiga ubavuni huisogeza risasi ya kawaida kwa sentimita 2 hadi 3 katika mita 50, ilhali duara la alama kumi katika mashindano ya Olimpiki ya umbali huo lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Risasi kali, ambayo mtu angetarajia iupite upepo upesi, husogezwa zaidi ya ile ya pole, yaani ya mwendo wa kawaida, kwa kuwa upepo humpata yule anayepoteza kasi kwa wingi akiwa njiani.

Hata hivyo risasi ya pole ina kisirani chake: baadhi ya bunduki, hasa mpya ambazo springi zake hazijalainika, hukataa kujipakia nayo, na ganda likabaki limebanwa mlangoni. Ushauri wangu ni kununua kasha moja moja la aina tatu au nne, kila moja lenye risasi 50, na kupiga makundi ya kumi kumi kwa kila aina. Ukiipata inayokubaliana na bunduki yako, nunua ya kutosha yenye nambari ile ile ya toleo la kiwandani, kwa kadiri ya idadi inayotajwa kwenye cheti chako, maana risasi za .22 hazijazwi upya nyumbani na toleo moja laweza kuachana sana na jingine hata kama makasha yanafanana.

Kuhusu bunduki zenyewe, chaguo langu ni Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964 na ambayo bado inatengenezwa. Magazini yake ya kuzunguka hubeba risasi kumi na haivimbi nje ya kitako, vipuri vyake ni vingi, na mtutu wake unashikwa na skrubu mbili tu, ingawa anayetaka kuubadilisha aiulize Bodi kwanza. Marlin Model 60, ya mwaka 1960, ina mtutu wa mitaro 16 na nimeiona ikipiga vizuri hata kwa risasi rahisi, lakini bomba lake la kupakia lililo chini ya mtutu linachosha, na nyingi utakazokutana nazo zimeshapita mikononi mwa watu. Browning SA-22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1914, hutupa maganda chini badala ya ubavuni, jambo linalonifaa mimi mwenye mkono wa shoto. Naipenda kwa uzuri wake, lakini kwa bei yake siwezi kumshauri anayeanza.

Kasoro ya 10/22 ni triga. Ile ya kiwandani huhitaji nguvu ya karibu kilo 2.5 ili kuivuta, na bunduki yenyewe, katika umbo lake la kawaida, ina uzito wa kilo 2.3. Yaani kidole kinavuta uzito unaozidi wa chombo chenyewe, na chombo kisitikisike vipi? Triga nyepesi ya kampuni ile ile, iliyo chini ya kilo moja na nusu, ndiyo fedha ya kwanza ninayomshauri mtu kuiongeza, kabla ya darubini kubwa ambayo kwa mita 50 haimwongezei mengi.

Na chuma kiwe kisichoshika kutu. Hili nalisema kwa uchungu. Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zimeshika, niliifungia bunduki yangu ya chuma cheusi ndani ya mkoba wenye sponji, nikaisahau kabatini kwa siku tisa. Nilipoutoa ule ukanda wa chuma unaofunga mtutu kwenye kitako cha mbao, chini yake palikuwa na pete ya kutu ya rangi ya mdalasini, na kidole kilipopita nilihisi vishimo. Mbao nazo zilikuwa zimevimba kwa unyevu na kuugusa mtutu upande mmoja, na kwa wiki kadhaa matundu yangu yalikuwa yakihamia kushoto bila mimi kujua sababu. Tangu hapo nimehamia kitako cha plastiki ngumu na mtutu mnene usio na ukanda, na bunduki hulala kwenye kasha la chuma la kufungwa kwa ufunguo, imepakwa mafuta, nje ya mkoba.

Ami hakununua bunduki mpya. Alibadilisha triga, akajaribu risasi za aina nne, na akatulia na moja ya mwendo wa kawaida. Juzi aliniletea karatasi nyingine ya mita 50, yenye matundu kumi ndani ya milimita 21, na safari hii alikuwa ameshaandika idadi ya risasi kwa kalamu kwenye kona kabla sijamuuliza.