Usiku niliokamatwa na karai Lushoto

Naomba nianze kwa kusema mimi sio mwizi na wala sio mchawi, maana kuna mzee mmoja kule Lushoto sidhani kama mpaka leo ameniamini asilimia mia.

Iko hivi. Mwezi wa saba shemeji zangu walikuja na wazo twende tukakempu Lushoto, tukale hewa ya milimani, Dar imetuchosha. Mimi bosi alinipa ruhusa kwa shingo upande, akasema sawa nenda, ila ijumaa saa nne asubuhi tuna kikao na mteja kwa Zoom na wewe ndio unaeleza zile slaidi za bajeti, usipotokea utanijua. Nikamwambia bosi ondoa shaka, huko kuna wifi. Na sikumdanganya, kwenye picha walizonitumia kuna kibao kabisa kimeandikwa WIFI BURE, tatizo kibao hakikusema ni bure kuanzia wapi mpaka wapi.

Tukapanda gari, Chalinze, Segera, Mombo, pale Mombo unaanza kupandisha zile kona za kwenda juu kama kilomita 33 hivi, mke wangu kafumba macho mpaka Soni. Kufika ndio nikaona shughuli. Hoteli iko juu kwenye kilima, sehemu ya mahema iko chini bondeni, katikati misonobari imesimama kama askari, umbali kama mita 80 hivi. Network ya simu ndio usiseme, ile herufi E inakuja inachungulia inaondoka zake.

Sasa wifi ya watu ina dharau moja, jina lake unaliona. Laptop inakuonyesha hili hapa, ukibonyeza inazunguka weee halafu inakwambia imeshindikana. Ni kwamba haya ni mazungumzo ya pande mbili, ile ruta ya hoteli, kile kisanduku kinachorusha wifi, ina sauti nene, ikiita unasikia, ila kaantena ka laptop kamefichwa huko pembeni ya kioo, sauti yake ya mtu mwenye mafua, unaitika mwenzio hakusikii. Ongeza na majani mabichi yaliyolowa umande, maji yanakunywa mawimbi kama ngamia. Wifi yenyewe inakuja kwa masafa mawili, nikajaribu ile ya gigahezi 5 haionekani kabisa, nikarudi kwenye 2.4 ambayo angalau inafika mbali, bado.

Shemeji mkubwa akaniuliza kwa upole tu, "Kwani shem, ukienda kukaa pale sebuleni kwao utapungukiwa nini?" Swali la maana sana. Jibu ni kwamba ijumaa ile ukumbi ulishakodiwa na watu wa semina, spika mbili kubwa kama friji zilishafungwa, huwezi kufanya kikao pale. Na jibu la pili ambalo sikumwambia ni kwamba njia nzima kuanzia Chalinze nilikuwa nawaeleza jinsi ninavyojua mambo ya mtandao, niliwaambia kuna jamaa Venezuela mwaka 2007 walirusha wifi kilomita 382, mlima kwa mlima, bila kuongeza nguvu, antena tu zimeelekezwa vizuri. Mtu umeshaongea hivyo mbele ya shemeji zako halafu mita 80 zikushinde? Haiwezekani.

Vifaa nilikuwa navyo. Kidude cha wifi cha USB nilichonunua Kariakoo elfu ishirini na tano, na kebo mbili za kurefushia za mita 3 kila moja. Nikaziunga. Hapo ndio kosa la kwanza, maana kebo ya USB ya kawaida ukishavuka mita 5 inaanza kuleta maneno, kidude kikawa kinaonekana kinapotea kinaonekana kinapotea. Nikatoa moja. Sasa kilichobaki ni kukiwekea kidude mgongo wa chuma uliopinda, unakusanya mawimbi unayarudisha kwenye kidude, kazi ileile ya dishi la tivii. New Zealand kuna watu walishafanya hii kitu na vikaango vya Kichina na machujio. Mimi kikaango cha Kichina nitakitoa wapi Lushoto.

Ila nyuma ya jiko la hoteli kulikuwa na kichanja cha vyombo, na juu ya kichanja limelala karai la alumini, zuri, pana, limesuguliwa linang'aa kama mwezi. Nikasema naliazima usiku narudisha asubuhi kabla ya maandazi. Kuazima bila kumwambia mwenyewe najua kuna jina lake jingine, ila ilikuwa saa tano usiku, nimwamshe nani.

Nikatoboa matundu mawili kwa msumari na jiwe ili nipitishe waya wa kufungia kidude. Nilipiga hesabu kwanza, mawimbi ya 2.4 urefu wake ni sentimita 12 na nusu, tundu la msumari la milimita 3 hayalioni kabisa, kwa hiyo karai kama antena halijapungua kitu. Mafuta ya kukaangia sikuyapigia hesabu.

Karai nikalifunga kwenye mti wa fagio. Laptop nikamwachia shemeji mdogo ndani ya hema awe ananisomea vijiti vya network, mimi nje natafuta uelekeo. Baridi ya Lushoto mwezi wa saba sio ya kusimuliwa, nikajifunika shuka jeusi kuanzia kichwani, na kwa kuwa nyasi zina maji nikavua viatu visilowe maana ndio hivyohivyo vya kurudia Dar. Sasa wewe ipange hiyo picha kichwani kwako. Saa sita usiku, Tanga, mtu mzima yuko peku, kajitanda shuka jeusi, kashika kitu cha mviringo juu ya fimbo, katikati ya hicho kitu kuna kataa ka bluu kanapepesa, na anazunguka taratibu.

Na maneno tuliyokuwa tunasema ndio yalinimaliza.

"Imekuja?"

"Bado haijaja."

"Na sasa hivi?"

"Imekuja! Aah, imeondoka."

"Ilikuja na nguvu?"

"Ilikuja na moja tu. Inua juu. Iite tena."

Mimi nililenga paa la hoteli, mchana niliona kule juu kuna kitu cheupe cha mviringo, nikajua pale ndipo inapotokea. Nalenga kwa umakini kama mtu wa bunduki. Cha ajabu nikilenga vizuri napata moja, nikiteleza kwenye tope karai likageuka kushoto kule jikoni, shemeji anapiga kelele ndani, "Tatu! Zimekuja tatu!" Nikisimama vizuri nikirudisha kwenye paa, moja. Nikamwambia hizo tatu ni za uongo, ni mwangwi, usizihesabu. Fundi huyo anaongea.

Ghafla filimbi. Tochi ikanipiga usoni, nyuma ya tochi kuna koti refu, na ndani ya koti babu mlinzi na rungu.

"Weka chini! Weka chini hicho!"

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Mzee wa pwani mpaka milimani asipoitikia shikamoo ujue hali ni mbaya.

"Nini kimekuja hapa? Nimesikia mnaita, mmeita nini?"

"Mzee hapana, natafuta wifi."

Akasogeza tochi. "Unatafuta nani?"

"Wifi mzee."

"Wewe mwanaume, wifi unampata wapi? Mwanaume ana shemeji. Wifi ni wa wanawake."

Kutoka ndani ya hema shemeji akaanza kucheka, kile kicheko cha kubana, na kicheko cha namna hiyo kutoka gizani kwa mtu usiyemwona hakikunisaidia hata kidogo. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akapiga filimbi ya pili. Taa za hoteli zikawaka. Watu wa semina wakatoka na taulo. Mke wangu akachungulia, akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye karai, akarudi ndani akafunga zipu ya hema, kama hanijui.

Mzee akawa anawaeleza waliokusanyika, na alikuwa anaeleza kwa haki kabisa, hakuongeza chumvi. "Mimi tangu nizaliwe nasikia wanasafiri kwa ungo. Huyu wa Dar amekuja na karai." Mtu mmoja wa semina akasema labda ungo umepanda bei.

Ndio akatokea mama mpishi. Hakuniangalia mimi, aliangalia karai. Akalichukua, akaliinua kwenye taa, na taa ikapita kwenye yale matundu mawili, vijinyota viwili vizuri vimetulia. Kimya kikapita.

"Baba, hili karai nakaangia maandazi ya watu sitini kesho."

Nikaanza kumweleza mambo ya mawimbi na sentimita 12 na nusu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akaniuliza, "Na mafuta ya alizeti yana sentimita ngapi?"

Nililala saa nane, sijasalimiwa na mtu. Kabla ya kuondoka, babu, akiwa sasa amepoa kidogo baada ya shemeji kumwonyesha laptop, akaniuliza, kwani hicho unachotafuta ni ile intaneti? Ile ya kisanduku chenye taa za kijani? Nikamwambia hiyohiyo mzee. Akasema, "Si ungesema. Ipo jikoni, juu ya friji. Mimi huwa nachajia simu palepale."

Nikamwuliza na kile kidude cheupe cha juu ya paa?

"Kile cha tamthilia."

Yaani zile tatu zilikuwa za kweli.

Asubuhi nikaenda kwa mama mpishi kuomba radhi na kuomba kiti. Akanipa vyote viwili, ila akasema jikoni kwake hakai mtu bure, akaniwekea beseni la vitunguu, semina wanakula pilau mchana. Nikamenya. Vitunguu vya Lushoto jamani, au labda ni mimi nilikuwa sijalala, lakini ilipofika saa nne kasoro dakika tano macho yalikuwa mekundu, machozi yanatiririka, pua inavuja, na nikijifuta kwa mkono naongezea kitunguu. Network imejaa mpaka juu. Nikafungua kamera.

Mimi nilichokuwa naangalia ni slaidi. Wenzangu ofisini walichokuwa wanaangalia nilikuja kukiona baadaye kwenye rekodi. Mimi katikati nalia. Nyuma yangu wamama watano wamejifunga kanga, wanageuza masufuria makubwa kwenye mafiga, moshi. Pembeni babu mlinzi kaketi na koti lake, kashika tama, anasubiri simu ijae chaji. Na kule ukumbini semina ndio imeanza, wamefungua na wimbo wa dini, polepole, sauti nne, spika mbili kubwa kama friji.

Nikasema habari za asubuhi, naomba nianze na makadirio ya robo ya tatu, sauti imekwaruza.

Kimya. Mteja akazima kamera yake. Bosi, ambaye sijawahi kumsikia akiongea taratibu, akasema, "Ndugu yangu, pole. Pole sana. Soma kwa ufupi tu, tutaelewa." Nikasema asante bosi, nikajua ananipa pole ya safari. Kikao cha saa nzima kikaisha dakika kumi na mbili, mteja kakubali bajeti yote bila swali, hata ile ya usafiri ambayo mwenyewe nilikuwa naiogopa.

Nikafunga laptop nacheka peke yangu, mama mpishi akanitazama kama babu alivyonitazama usiku.

Nusu saa baadaye ikaingia meseji ya bosi. "Ungesema tu ukweli kwamba unaenda kuzika, hakuna ambaye angekunyima ruhusa. Bwana ametoa." Kabla sijamaliza kuisoma ikaingia ya pesa, laki moja na hamsini, rambirambi kutoka ofisini, ikifuatiwa na ya dada wa mapokezi, elfu kumi yake peke yake, kaandika samahani nimechelewa.

Nikaandika maelezo marefu sana ya kusema hakuna msiba. Nikafika kwenye sehemu ya karai nikafuta. Nikaandika tena, nikafika kwa babu na ungo, nikafuta. Mwisho nikaandika "Asanteni sana", na Mungu ananiona.

Jioni nikashuka sokoni na mama mpishi, akachagua karai mwenyewe, kubwa kuliko lile la kwanza na zito, akaligonga kwa kidole akasikiliza, akasema hili hapa. Nikalipa kwa ile ya rambirambi. Lile la zamani kanipa nije nalo Dar, mke wangu kalipandia mchicha, matundu mawili yametosha kabisa kutolea maji.

Juzi bosi kanisimamisha kwenye ngazi, kaniuliza arobaini ni lini, ofisi wameshachangishana nauli ya kosta.