Gesi Inavuja Ghorofa ya Pili

Mwalimu wangu wa shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani, kule Kyoto ni mzee mpole, ila ana ugonjwa mmoja: akiona mtu mwenye vidole virefu, anamkabidhi filimbi ndefu. Mimi mtoto wa Tanga, vidole nimejaliwa. Basi nikaiacha ile ya kawaida ya shaku 1.8 (shaku ni kipimo cha urefu cha Kijapani), yaani sentimita 54 na ushee, ambayo angalau ilishaanza kuniitikia, nikarudi chumbani na dude la shaku 2.4, karibu sentimita 73 za mwanzi uliong'olewa na kitako cha mizizi yake.

Kwa asiyeijua, shakuhachi ina matundu matano tu: manne mbele, moja nyuma la kidole gumba. Ndani hamna kitu cha kukusaidia. Unapuliza ukingo uliochongwa mshazari, na midomo yako ndiyo inayotafuta sauti. Ukiziba matundu yote, ya 1.6 inakupa noti ya E, kali na nyepesi. Ya 1.8 inakupa D. Hii yangu inashuka mpaka A, nzito kama honi ya meli inayoingia bandarini.

Hapo ni akipuliza mwalimu. Nikipuliza mimi, ilitoka "ssssss".

Wajapani husema filimbi hii inataka miaka mitatu kujifunza kutikisa kichwa tu. Changu kilitikisika jioni ile ile, kwa kizunguzungu. Nikawa napuliza, nakaa chini, naona nyota, nainuka, napuliza tena. Ssssss.

Ghafla mlango ukagongwa kama wa mdaiwa sugu. Bibi wa chumba cha jirani, kavaa ndara, kakumbatia paka.

"Mwanafunzi, toka! Gesi!"

Gesi haina mjadala. Nilitoka mbio, filimbi mkononi. Kule chini, kwenye maegesho, jengo zima lilikuwa limesimama: mtu na taulo, mtu na bakuli la tambi, anaendelea kula. Fundi wa gesi akafika na kifaa chake, akapanda, akashuka. Harufu hakuna, kifaa kimya.

"Sauti ilikuwaje?" akamuuliza bibi.

"Ssssss. Inakata kidogo, kisha ssssss."

Nikatazama filimbi. Fundi akanitazama mimi. Paka naye akanitazama.

Nikaeleza kwa Kijapani changu cha kuokoteza kwamba hiyo gesi huenda ni mimi. Fundi, mtu wa ushahidi, akasema, "Hebu puliza."

Nikaziba matundu yote, nikapuliza. Na ile filimbi, iliyoninyima sauti jioni nzima, ikatoa A safi, pana, ikazunguka maegesho yote. Mwenye tambi akaacha kula. Kuna waliopiga makofi.

"Siyo hiyo," bibi akasema kwa uhakika. "Hiyo ni nzuri."

Fundi akapanda tena kukagua. Nikabaki pale chini nikihangaika mbele za watu kuharibu sauti ili nisadikiwe, na kila nikijaribu inatoka A, tamu kupita ya kwanza. Mpaka kizunguzungu kiliponirudia, midomo ikalegea, ndipo ikatoka: ssssss.

"Ndiyo hiyo!" bibi akaruka, na paka akaruka upande wake.

Fundi akashuka, akafungua fomu. Kwenye nafasi ya chanzo cha mvujo akafikiri sana, kisha akatoa futi kamba, akaipima filimbi yangu na kuandika: mwanzi, sentimita 73.