Kukataliwa na kampuni moja si kukataliwa na zote

Mwandishi, umesema anayeishi na VVU asahau bima ya maisha. Hapo sikubaliani nawe, na inaniuma kwa sababu kuna mtu atasoma akate tamaa. Hayo ni mawazo ya kabla ya 1996, tiba ya mchanganyiko wa dawa ilipoanza kuenea. Leo aliyeanza ARV mapema na anayezimeza bila kuruka anaweza kuishi karibu sawa na mtu mwingine yeyote, na zipo kampuni zinazolijua hilo.

Watakachotaka ni karatasi: ulianza dawa lini, wingi wa virusi kwenye damu katika vipimo vya karibuni, CD4 zako (idadi ya chembe za kinga kwenye damu), na kama una kifua kikuu au homa ya ini. Omba nakala ya majibu kliniki kabla hujaonana na wakala. Ada huenda ikawa juu (nyingine kwa kweli ni uonevu mtupu), kwa hiyo ulizia kampuni zaidi ya moja. Kazini pia uliza bima ya kikundi, ile mwajiri anayowakatia wafanyakazi kwa pamoja; mara nyingi haidai vipimo.

Ila ndugu zangu, fomu ikiuliza kuhusu VVU msiandike "hapana". Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wanaoumbuka ni watoto: kampuni ikifukua faili la hospitali inaweza kukataa kulipa, na ada ulizotoa miaka yote zikapotea. Wakala akikwambia "weka hapana tu, tutamalizana", ondoka.