Mkia wa Bunduki

Watu wakiona bunduki huogopa mdomo. Mke wangu, aliponiona nimeingia na ile bunduki ya upepo ya marehemu babu, alirudi nyuma hatua mbili akasema, "Baba Rehema, hicho kitu usinielekezee." Nikageuza mtutu ukatazama ukuta. Yeye akaenda zake jikoni, roho imetulia, nami nikajikalia nyuma ya bunduki, upande ambao sote tuliuhesabu kuwa ndio wa salama.

Ilikuwa ya milimita 4.5, ya kukunja: unaukunja mtutu kwenda chini, pistoni inarudi nyuma, springi inabanwa, imekoki. Kibali kilikuwepo na risasi haikuwemo. Hilo nililihakikisha kwanza, tena kwa mbwembwe, ili ndani ya nyumba wajue kwamba hapa kuna mtu makini. Kilichokuwemo ni kutu, na mkwaruzo mmoja wa kuudhi kila nilipoukunja ule mtutu.

Shemeji yangu, mtu wa kutengeneza kila kitu (redio yangu mpaka leo inasikika nikiipiga kofi), alikuja kunitia moyo. "Hapo ni springi na pistoni tu, shemeji. Hata pampu ya baiskeli ina mambo mengi kuliko hiyo."

Tukaanza na skrubu za kitako. Nitakwambia kitu kuhusu skrubu za bunduki: mfereji wake ni mwembamba na kuta zake zimesimama wima, ilhali bisibisi ya nyumbani ina ncha inayokonda kuelekea mwishoni. Ukizungusha kwa nguvu, ncha inapanda, inachomoka, halafu inatafuta mbao. Kitako cha babu kilichopita miaka yote hiyo bila doa kilipata mchoro wa kutoka kwenye skrubu hadi karibu na triga. Shemeji akaupapasa. "Msasa utaufuta." Msasa uliufuta kweli, pamoja na vile vichoro vyote vya kushikia vilivyochongwa na mtu aliyejua kazi.

Ikabaki pini ya nyuma, ile inayoshikilia triga na vyombo vyake ndani ya silinda. Fundi huisukuma kwa kitoboo cha shaba nyeupe. Sisi tulikuwa na msumari. Pini ikavimba kichwa, ikaingia nusu, ikakwama. Nikaiegemeza silinda tumboni ili isiteleze, shemeji akashika upande wa mbele, akasema, "Gonga kwa moyo."

Springi ya bunduki ya namna hii haipumziki. Hata kama hujakoki, hata kama haijaona risasi tangu mwaka juzi, iko mle ndani imebanwa sentimita kadhaa, inasubiri. Kiwandani waliiingiza kwa kuilazimisha, na kinachoizuia isitoke kwa nyuma ni ile pini. Ndiyo maana anayejua huibana kwanza kwa klempu ndefu, akatoa pini, kisha akaifungua klempu taratibu mpaka springi iishiwe hasira. Sisi badala ya klempu tulikuwa na tumbo langu.

Nikagonga kwa moyo.

Triga nzima ilinifikia juu kidogo ya kitovu. Springi ikafuata, ikanikwangua ubavu, ikapiga mlango wa kabati, ikarudi, ikaanza kucheza sakafuni. Shemeji alikuwa tayari yuko nje. Sikumwona akipita mlangoni.

Mke wangu akaita kutoka jikoni: "Imelia?"

"Haijalia."

"Sasa mbona wewe unalia?"

Jioni yote tulikuwa magoti chini tukitafuta kijispringi cha triga, chepesi kuliko punje ya mchele. Sumaku ndiyo iliyokipata, ndani ya kiatu. Kesho yake nilipokwenda kwa fundi wa silaha, nilikuwa nimeshika tumbo. Hata mfuko sijaufungua, akaniuliza, "Umetoa pini bila klempu, sivyo?" Akanionyesha ujanja wa kufungulia vitu vidogo ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, mikono imo ndani, ili kinachoruka kirukie humo humo. Akaniuzia pini mpya, na alipokuwa akifunga kifurushi alisema kitu kuhusu mafuta. Nilikuwa nawaza springi, sikusikiliza.

Tukaikusanya, safari hii kwa klempu, na miwani tumevaa. Halafu nikaimiminia silinda mafuta ya injini, kwa ukarimu.

Nilipofyatua kwenye sanduku la shabaha, ulitoka mlio uliozimisha mazungumzo ya majirani. Moshi wa buluu ukachungulia kwenye mtutu. Mke wangu akatokea na mwiko mkononi.

"Si ulisema ni ya upepo? Upepo gani huo unaotoa moshi?"

Shemeji alikuwa anapiga makofi. "Imeongezeka nguvu!" Kumbe pistoni ikienda kasi vile inaibana hewa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta, sawasawa na inavyofanya injini ya dizeli. Nguvu inaongezeka kweli, ila anayeilipia ni springi na mpira wa pistoni. Nikarudi kwa fundi. Akatoa mpira umeungua pembeni, akafuta kila tone, akapaka grisi nyeusi ya molibdenamu kidogo sana, kiasi ambacho mimi ningedhani bado hajaanza kupaka. Mkwaruzo ukaisha. Inapiga pazuri, na kitako kikilowa jasho kinateleza, kwa sababu vichoro havipo.

Jumapili iliyofuata shemeji alifika na bunduki yake mwenyewe, ya kukunja vilevile, imefungwa kwenye shuka. Niliposhika lile furushi, vyuma vikagongana ndani.

"Mbona iko vipande?"

"Nimekuanzishia tu, shemeji, usipate taabu."

Nikafungua shuka. Silinda ipo, pistoni ipo, triga ipo.

"Springi iko wapi?"

"Iko juu ya paa la jirani," akasema. "Nimeiona, haijapotea. Tunasubiri atoke."