Mswada Ulisomwa Kabla ya Mabango Kuandikwa

Husemwa kwamba mitandao ya kijamii ndiyo iliyowatoa vijana wa Kenya majumbani kwenda kuandamana Juni 2024. Kauli hiyo haikosei, ila inaruka jambo lenye uzito zaidi kwangu: kabla ya mabango kuandikwa, Mswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya serikali ya kodi za mwaka, ulikuwa umesomwa na wananchi wenyewe. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liushirikishe umma, lakini mara nyingi mwananchi huambulia tangazo gazetini, siku chache za kutuma maoni, na hati ndefu ya Kiingereza cha mawakili. Safari hii hati ilipasuliwa vipande: huyu katika TikTok akaeleza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate, yule akapiga hesabu ya kodi ya magari ya asilimia 2.5, wengine wakaifasiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Nambari za simu za wabunge nazo zikasambazwa, jambo ambalo sikulipenda, kwani matusi hayamshawishi mtu.

Tarehe 18 Juni kodi za mkate na magari ziliondolewa. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106 walioupinga, waandamanaji wakaingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini.

Desemba mwaka huohuo, hata hivyo, alitia saini sheria ya marekebisho ya kodi iliyorudisha baadhi ya mapendekezo yaleyale, na umati wa Juni haukuonekana. Mitandao humpa wafuasi anayewasha moto leo, si anayekesha akilinganisha vifungu vya zamani na vipya. Vuguvugu lilijivunia kutokuwa na kiongozi, kabila wala chama, na kwa hiyo hapakuwa na wa kuhongwa. Lakini hapakuwa pia na yeyote mwenye wajibu wa kuifungua hati hiyo mpya na kuwaita wenzake.

Waliojaribu kuuendeleza usomaji ule hawakuachwa salama. Mwishoni mwa Mei 2025 mtengenezaji wa programu alikamatwa Nairobi kwa kuunda ukurasa uliomwezesha mwananchi kulitumia Bunge pingamizi lake kuhusu Mswada wa Fedha wa 2025 kwa barua pepe. Alishtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta, yaani kosa lilikuwa kwamba wananchi waliotoa maoni walikuwa wengi mno. Mahakama iliyatupa mashtaka hayo mwezi uliofuata.