Majina Ukutani: Nani Anakumbukwa Kanisani, Nani Ameachwa Nje

Makanisa mengi ya vijijini Uingereza yana bamba la shaba au la marumaru ukutani, lenye orodha ya wanaume wa parokia waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Chini yake, mara nyingi kwa herufi zilizobanana kwa kuwa hakuna aliyetarajia kwamba nafasi ingehitajika tena, yamo majina ya Vita ya Pili. Si ajabu kukuta jina moja la ukoo likijirudia mara mbili au tatu. Mabamba ya shaba hung'arishwa na waumini wenyewe, na baadhi yamesuguliwa kwa miaka mingi hata herufi zimeanza kufifia, kana kwamba utunzaji wenyewe unayafuta majina. Swali linaloulizwa sasa ni kama orodha hizo zibaki zilivyo, au kama nyumba ya ibada haikupaswa kubeba sifa za vita tangu mwanzo.

Wanaozitetea wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Tangu 1915 jeshi la Uingereza lilikataza maiti za askari kufukuliwa na kurudishwa nyumbani, na msimamo huo uliendelea hata baada ya vita, kwa tajiri na kwa maskini. Mzazi hakuwa na kaburi la kupalilia wala la kuwekea ua, na kwa familia nyingi jina ukutani ndilo lililokuwa kaburi. Vita hiyohiyo ililifanya Kanisa la Anglikana, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa likisita kuwaombea marehemu hadharani, lilegeze msimamo wake, kwa sababu wafiwa walihitaji la kufanya zaidi ya kunyamaza. Kulibandua bamba la namna hiyo, basi, si sawa na kuiondoa sanamu ya jenerali katikati ya barabara, na hapo wakosoaji wengi hupita haraka mno.

Hata hivyo, majina hayo hayakuachwa peke yake. Yamezungukwa na maneno kuhusu Mfalme na nchi, pengine na upanga uliochongwa juu ya msalaba, na kifo cha kijana aliyeamriwa kutoka handakini kimefananishwa na sadaka ya Kristo. Mhubiri anayesimama karibu na maneno hayo na kuwataka watu wawapende adui zao ana kazi ngumu. Wapo waliojaribu njia nyingine: katika kanisa la New College, Oxford, lipo bamba la wanafunzi Wajerumani wa chuo hicho waliorudi kwao, wakapigana upande wa pili na kufa. Mfano huo ni wa nadra. Kwa upande mwingine, kati ya askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga, wapo ambao majina yao hayakuandikwa nyumbani kwao, na msamaha ulikuja mwaka 2006, wazazi wao wakiwa wameshakufa.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo lina sura nyingine. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda kikosi cha wapagazi na kuingia nacho bara yeye mwenyewe, kwa hiyo Kanisa haliwezi kusema kwamba habari za wapagazi hazikulihusu. Upande wa Waingereza waliandikisha watu wapatao milioni moja wa kubeba mizigo, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, lililotokana na “Carrier Corps”, yaani kikosi cha wapagazi, limebaki Dar es Salaam. Majina ya watu hayakubaki. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi na kuahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake, lakini haikuandikwa jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Je, makanisa yetu yawaandike? Nasita kidogo. Wapagazi wengi hawakuwa Wakristo, na kumtundika Mwislamu kwenye ukuta wa kanisa miaka mia baada ya kifo chake ni kumchukua mara ya pili bila kumwuliza. Zaidi ya hayo, pale ambapo kumbukumbu hazikutunzwa, orodha yoyote itakuwa ya kubahatisha. Ila ukuta unaowataja maofisa pekee nao unasema uongo, kwa kunyamaza.

Binafsi ningeyaacha mabamba ya zamani mahali pake, upanga na vyote, na pembeni ningeweka jiwe lisilo na majina, lenye idadi tu na kazi waliyoifanya: walibeba mizigo. Kisha katika ibada ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani, msomaji akimaliza orodha ya shaba, asirudi kwenye kiti chake mpaka amelisoma na lile jiwe.