Mbwa Ndani ya Fleti, Ngazi za Wote

Majengo ya fleti na nyumba za safu yaliyoota kando ya bahari ya Malindi, kuanzia upande wa Silversands hadi Casuarina, yamewakusanya chini ya paa moja watu ambao zamani wasingepakana hata ukuta: Mwitaliano mstaafu aliyekimbia baridi, mfanyabiashara wa Nairobi aliyenunua nyumba ya mapumziko, na familia ya Kiislamu ya hapa hapa iliyopanga mwaka mzima. Wanachangia ngazi, ua, matangi ya maji na mshahara wa bawabu. Katika mikutano yao ya mwaka, ada ya huduma huzua manung'uniko, lakini mbwa huzua uadui.

Kwa upande wa sheria, mwenye fleti nchini Kenya ana vitu viwili visivyofanana. Sheria ya mwaka 2020 inayosimamia umiliki wa majengo kwa sehemu humpa hati ya fleti yake, na papo hapo humfanya mwanachama wa shirika la wamiliki linalosimamia sehemu za pamoja na kutunga kanuni zinazomfunga yeye na mpangaji wake vilevile. Sheria hiyo pia imeweka njia ya kutatua mizozo ndani ya jengo kupitia kamati, kabla watu hawajakimbilia mahakamani. Swali la mnyama huangukia hasa kwenye mpaka wa hivyo vitu viwili, kwa sababu mbwa hulala kwenye fleti ya mtu mmoja, lakini hupita kwenye ngazi za wote.

Wanaotetea haki ya kufuga wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mmiliki amelipia nyumba, na anachofanya nyuma ya mlango wake, maadamu hakimdhuru jirani, si kazi ya kamati. Kwa Waitaliano wa Malindi hoja hii ina mizizi ya kisheria nyumbani kwao: tangu mageuzi yaliyoanza kutumika Juni 2013, sheria ya kiraia ya Italia hairuhusu kanuni za jengo kumkataza mtu kufuga mnyama wa nyumbani. Huko Australia nako, Oktoba 2020, Mahakama ya Rufaa ya New South Wales ilitangua kanuni ya jengo moja la Sydney iliyopiga marufuku wanyama wote, ikiona kwamba inaingilia matumizi ya nyumba ya mtu bila kuwepo madhara ya maana kwa wakazi wengine. Sheria hizo hazitumiki Malindi, na mgeni anayezitaja mkutanoni kana kwamba amezibeba kwenye sanduku lake huwaudhi wenzake bure. Hata hivyo mantiki yake haikomei kwenye mipaka ya nchi.

Upande wa pili nao haupaswi kudharauliwa kuwa ni chuki ya wanyama. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi. Udenda wake au unyevu wake ukigusa nguo au chombo, panatakiwa kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa mtu anayeshuka ngazi alfajiri akiwa na udhu kuelekea msikitini, mbwa aliyetoka kuogelea baharini na kujikung'uta kwenye ngazi nyembamba anaigusa ibada yake, na kumwambia avumilie ni kumwambia ahamie kwingine. Dini hiyo hiyo humruhusu mbwa wa ulinzi, wa uwindaji na wa mifugo, na inasimulia kusamehewa kwa mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo kinachodaiwa hapa ni umbali wala si ukatili, na kanuni ya jengo inaweza kuupanga umbali: mbwa afungwe kamba katika sehemu za pamoja, apitie ngazi za nyuma pale zilipo, asikaribie bwawa wala matangi.

Paka hana mzozo huo. Kidini yeye ni safi, na pwani nzima amezoeleka barazani na sokoni. Kanuni inayosema "wanyama" kwa ujumla, ikimweka paka na mbwa wa ulinzi katika kapu moja, imeandikwa na mtu aliyenakili mkataba wa mji mwingine.

Kelele na afya ni hoja zinazowahusu wote bila kujali dini. Malindi madirisha huachwa wazi ili upepo upite, na mbwa anayebweka roshanini usiku husikika hadi jengo la jirani. Kuhusu kichaa cha mbwa, karibu visa vyote vya binadamu duniani hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa haponi isipokuwa kwa nadra mno. Ndiyo maana mpango wa Kenya wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030 unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kudai cheti cha chanjo ya kila mwaka hakumuonei mtu yeyote.

Hadi hapo pande mbili zinaweza kupatana. Naona tatizo kubwa zaidi la Malindi ni lile lisilotajwa sana mikutanoni, yaani kutokuwepo. Wamiliki wengi hufika wakati wa kaskazi na kuondoka masika yanapokaribia. Mbwa aliyelelewa kwa miezi minne juu ya kochi huachiwa bawabu, ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo na pengine hapendi kumgusa, huku paka waliozoeshwa kulishwa uani wakibaki wakizaana na kupekua mapipa ya taka. Gharama ya mapenzi ya msimu mmoja huwaangukia wakazi wa mwaka mzima, ambao mara nyingi ni wapangaji wasio na kura. Hapa haki ya mmiliki hupoteza nguvu yake, kwa kuwa kilichokuwa ndani ya mlango wake kimetoka na kuwa mzigo wa jengo zima. Ningeshauri kanuni imtake kila mfugaji aandikishe mtu mmoja anayeishi Malindi, anayelipwa naye na si kwa ada ya huduma, atakayemtunza mnyama nje ya jengo pindi mfugaji akisafiri; asiye na mtu huyo asifuge.

Marufuku kamili, ambayo kamati nyingi huikimbilia kwa sababu ni rahisi kuandika, naiona dhaifu. Singapore ilikataza paka katika fleti za serikali kwa miongo kadhaa, na watu waliwafuga kwa siri muda wote huo; tangu Septemba 2024 wameruhusiwa wawili kwa kila fleti, kwa leseni na kwa sharti la kuwekewa alama ya utambulisho. Mnyama aliyefichwa hapelekwi kwa daktari wa mifugo hadharani, wala kamati haiwezi kumdai cheti mtu anayekana kuwa na mbwa.

Linabaki suala la wakati. Anayenunua fleti akijua kanuni inakataza mbwa hana malalamiko ya haki, na wakili wake alipaswa kumsomea kabla hajatia saini. Lakini anayekuta kanuni imegeuzwa kwa kura akiwa tayari ana mbwa wa miaka minane yuko katika hali nyingine. Mnyama aliyekuwepo aruhusiwe kumalizia maisha yake pale pale, kwa masharti ya kamba na chanjo, na kanuni mpya ianze kwa atakayefuata.